Kamati ya Lugha ya Kompyuta

Siku hizi nikisikia mtu akisema "tuunde kamati," mwili unaniwasha. Nimeishi Naro Moru miaka ishirini na miwili. Nililetwa na kazi ya mume wangu, polisi. Tulitoka Kitui na masanduku mawili na jiko la makaa, na alipostaafu tukanunua nusu ekari hapa chini ya mlima. Yeye Mungu akamwita, mimi nikabaki na vitunguu. Na kwa miaka yote hiyo sijaona majirani zangu wakifanya jambo bila kamati. Kuoa, kamati. Kuzika, kamati. Mbwa wa kanisa alipozaa tulikaa kikao cha kugawana watoto wake, na kukawa na mwandishi wa kuandika nani alisema nini kuhusu yule mwenye doa.

Sasa sikiliza shida yangu. Tuko na mradi wa maji, wanachama arobaini na mmoja, bomba moja kutoka mtoni. Bomba lenyewe limegawanyika matawi manne. Tawi letu ndilo la mwisho na lina mashamba kumi, na kiangazi kikifika maji yanatufikia Jumanne na Ijumaa tu, shamba moja kila siku. Kwa hivyo ni zamu. Na zamu hizo alikuwa anaziandika mwenyekiti wetu, Mzee Moffat, mwalimu aliyestaafu, kwenye kitabu chake, kwa penseli. Penseli, jamani! Mtu mzima anayeandika kwa penseli ako na raba mfukoni.

Nimezaliwa mahali ambapo msichana anaamka na jerikeni kabla ya jogoo, kwa hivyo mambo ya maji usinichezee. Mwaka juzi nilirukwa mara mbili, vitunguu vikatoka vidogo kama gololi. Mwaka jana hivyo hivyo. Mwaka huu nilikuwa nimepanda shamba lote, kila hatua, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuishi kwa kubahatisha. Vile vitunguu vikikauka, sina kingine. Ningefunga mizigo nirudi Kitui nikalale kwa kaka yangu na kuitwa shangazi wa jikoni.

Basi kwenye mkutano wa Novemba nikasimama. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kupiga hodi.

"Hizi zamu zipangwe na kompyuta!" nikasema. "Kompyuta haina shemeji, haina mshirika kanisani, haina raba!"

Watu wakageuka wote kuniangalia. Nikajua nimejimaliza. Lakini Mzee Moffat akavua kofia, akaikung'uta, akatabasamu.

"Wazo nzuri sana," akasema. "Hii mradi yetu itakuwa ya kwanza hapa yote kuwa na kompyuta. Na kwa vile Mama Kasyoka ndiye amesema, yeye ndiye atajifunza kuiandikia programu."

Makofi. Nikaketi nikiwa nimenaswa na mtego wangu mwenyewe. Mimi, miaka hamsini na mmoja, ambaye kompyuta niliijua kama kitu cha kushikiwa na karani. Lakini nikajiambia, si ni kuhesabu siku tu? Nilitaka kitu rahisi: kompyuta ijue kila mtu alipata maji lini mara ya mwisho, na aliyekaa siku nyingi zaidi awe wa kwanza. Basi. Mtoto wa shule anaweza kukuambia hivyo ukimpa andazi.

Ningeanza kesho yake kama si Wamae. Wamae ana duka la dawa za mifugo pale stejini, matatu zinaposimama, ndiye mwandishi wa mradi, na ana mpwa wake Nairobi anayefanya kazi za kompyuta. Akampigia simu hapo hapo, akaweka spika. Mpwa akasema kuna lugha nyingi za programu, na mtu anayeanza lazima kwanza achague moja.

"Na akichagua mbaya?" Wamae akauliza.

"Aah, anko, inategemea. Wengine husema ukianza vibaya unapata tabia mbaya, ni ngumu kuzitoa baadaye."

Weee! Ungeona nyuso. Hawa ni watu waliofuga kware mwaka ule kila mtu alikuwa anafuga kware, wakaishia kula mayai ya kware asubuhi na jioni hadi watoto wakaomba sukuma wiki. Hawatarudia. Ikapitishwa kwamba nisiguse kompyuta yoyote mpaka lugha ichaguliwe, nisije nikaharibika. Na lugha itachaguliwa na nani? Na kamati, nani mwingine.

Tulikuwa wanne: Mzee Moffat, Wamae, mimi, na Shosho Njoki. Shosho Njoki, yaani Bibi Njoki, ni mama wa miaka sabini hivi, mjane kama mimi, shamba lake linapakana na langu. Aliwekwa kwenye kamati kwa sababu chai yake haina mfano. Katika vikao vyote sikumsikia akitoa maoni. Anamimina chai, anauliza nani aongezwe sukari, anakaa.

Kikao cha kwanza tulizungumza lugha kama watu wanaonunua ng'ombe. Kwa sababu hapa, ukitaka kununua mtamba, haumwangalii mtamba. Unaomba kumwona mama yake akikamuliwa. Unaenda asubuhi na mapema, unasimama pale zizini, unaangalia ndoo ikijaa kwa macho yako, kisha unaanza kuongea bei na mwenye ng'ombe. Ni busara, sikatai. Mimi mwenyewe nilinunua ng'ombe wangu hivyo. Shida ni kwamba Mzee Moffat akaileta kwa kompyuta.

"Sisi hatuwezi kuchukua lugha kwa kusikia," akasema. "Lazima tuone mama yake."

"Lugha haina mama, mwenyekiti," nikasema.

"Kila kitu iko na mama. Tutaenda mahali inafanya kazi, tuone ikitoa."

Ndivyo tulivyofunga safari mpaka Kutus, ambako Wamae alikuwa amesikia kuna mradi wa maji wenye kompyuta. Tukazunguka mlima mzima kwenda kuona kompyuta. Kompyuta tukaonyeshwa. Ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa maua, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Tukauliza kama tunaweza kuiona ikifanya kazi. Wakasema anayeijua ameenda mazishi, anarudi Alhamisi. Na zamu zenu mnapanga aje? Mzee mmoja akatoa kitabu. Nikachungulia. Penseli.

Tulikula wali na maharagwe, tukapiga picha mbele ya kile kitambaa, tukarudi. Wamae akaandika ripoti ya kurasa tatu. Ilisema lugha ya Kutus "inaonekana kuwa imara na inatunzwa vizuri." Jina la lugha hakuna aliyekumbuka kuliuliza.

Desemba hiyo ikaisha. Mvua ikakata mapema. Vitunguu vyangu vilikuwa na majani ya kupendeza, mtu akipita anasimama, lakini mimi nilijua kinachokuja ni jua tupu.

Januari tukashuka Nyeri. Kule Majengo, kwenye chumba kimoja nyuma ya msikiti, kulikuwa na msichana anaitwa Shirleen anayefundisha watu kuandika programu. Alikuwa na kompyuta nne na wanafunzi sita. Mzee Moffat akamweleza habari yetu tangu bomba lilipochimbwa. Kisha Wamae akasoma ripoti. Msichana akasikiliza yote, heshima zake zote, halafu akauliza, "Kwa hivyo mnataka kupanga watu arobaini na mmoja?"

"Ndiyo."

"Chagueni yoyote. Mama aanze leo."

"Yoyote?" Mzee Moffat akauliza, kama mtu ametukanwa.

"Yoyote, mzee. Kwa hiyo kazi, lugha zote zinatosha. Hii Python ni rahisi kwa kuanza, lakini hata akitumia Java ama nyingine yoyote itafanya. Akishajua moja, ya pili si ngumu."

Nilimpenda yule msichana papo hapo. Lakini nje, kwenye kibanda cha chai, mwenyekiti alikuwa moto.

"Msichana hana msimamo!" akasema. "Ukienda kwa daktari akuambie ukunywe dawa yoyote, utarudi kwake? Ati yoyote! Na anaitwa mwalimu!"

"Na ati rahisi," Wamae akaongeza. "Kitu rahisi kila mtu ako nayo. Si ndivyo kware zilikuwa rahisi?"

Hapo kamati ikagawanyika. Mzee Moffat akashika Java, kwa sababu mpwa wa Wamae alisema ni ngumu, na yeye alifundisha miaka thelathini akiamini kwamba kitu kisichokutoa jasho hakijakufundisha. Wamae, baada ya kukataa Python kwa kuwa ni rahisi, akaishika wiki iliyofuata kwa kuwa Moffat ameikataa. Mradi mzima ukafuata. Nakuambia ukweli, watu ambao simu zao ni za kitochi, za kupiga tu, walikuwa hawasalimiani kanisani kwa sababu ya lugha za kompyuta. Beth, anayeuza viazi barabarani, aliniuliza kwa siri kama ni kweli Python inakula bando. Nikamwambia sijui, dada yangu, mimi nimekatazwa kuigusa.

Tarehe mbili Februari tukapiga kura ya mlolongo. Wa Java nyuma ya Mzee Moffat, wa Python nyuma ya Wamae. Nilikataa kupanga mlolongo, nikasimama kando na mikono kiunoni. Ishirini kwa ishirini. Mzee Moffat akasema kura irudiwe baada ya wiki mbili, watu wakaombe Mungu.

Wiki mbili! Na wiki hiyo hiyo mto ulikuwa umeshuka, afisa wa maji akatuandikia kwamba Ijumaa imefutwa. Sasa tawi letu ni Jumanne peke yake, shamba moja kwa wiki. Nilienda shambani nikachimba na kidole katikati ya mistari. Udongo ukatoka unga. Majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi kwenye ncha, na vitunguu ndiyo kwanza vinaanza kuvimba chini, wakati ambapo vikikosa maji huwezi kuvirudisha. Nilikaa pale chini nikalia, mwanamke mzima. Kisha nikapangusa uso nikamwambia Mungu anisamehe, kamati nimeikataa.

Lakini hapa lazima niungame kitu. Amri ya kamati nilikuwa nimeivunja zamani. Ile siku ya Majengo, wanaume walipokuwa wakibishana kibandani, nilirudi kwa Shirleen kwa kisingizio kwamba nimesahau leso. Akanikalisha mbele ya kompyuta. Robo saa tu. Akanionyesha nikaandika jina langu, na tarehe, na kompyuta ikanirudishia siku ngapi zimepita tangu tarehe hiyo. Niliruka kwenye kiti. Nilikuwa nimeiambia kitu na ikatii! Watoto wangu hawajawahi kunitii haraka hivyo. Akaniazima laptopu kuukuu, kitufe kimoja kimeng'oka unabonyeza kwa kucha, na kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe nilikuwa nampigia simu. "Mama, umesahau nukta mbili." "Mama, umeandika jina kwa herufi kubwa hapa, hapa ndogo." Alinivumilia yule mtoto. Ilikuwa Python, kama unataka kujua. Ilikuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta yake.

Kitu kimoja tu kilibaki: tarehe za kweli. Kitabu cha Mzee Moffat kilikuwa kimefutwafutwa mpaka karatasi ikatoboka. Nikaenda kwa Munene, mtu wa kufungua koki. Yeye ni mwangalifu, na tangu siku moja aliposingiziwa huandika kwenye daftari lake kila koki aliyofungua, na siku. Kwa kalamu. Nikakaa kwake mchana mzima nikinakili tarehe za watu wote.

Siku ya kura ya pili ilipofika nilibeba laptopu mpaka kwenye mkutano, nikaiweka juu ya meza ya mwenyekiti, nikaifungua.

"Iko tayari," nikasema. "Inafanya kazi. Kama mnataka kupanga milolongo, pangeni, mimi naenda kunyunyizia vitunguu mate."

Wakasongamana. Nikabonyeza. Majina ya tawi la kwanza yakatoka, yamepangika kwa siku. Wakapiga kelele kama wameona timu ikifunga bao. Mzee Moffat akavaa miwani, akainama, akatazama ile mistari yangu ya programu kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kwa furaha.

"Java," akasema. "Mnaona vile imeshikana? Nilisema."

"Si Java hiyo, mwenyekiti," Wamae akasema. "Python kabisa. Hata mtoto anaona."

Wakaniangalia. Nikafunga mdomo. Niliona kwamba kila upande umeshinda, na si mimi wa kuwaharibia. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba kuanzia Jumatatu ijayo zamu zote zitatolewa na kompyuta ya Mama Kasyoka, na mtu yeyote asiongeze wala kupunguza. Mzee Moffat akafunga kwa maombi. Alimshukuru Mungu kwa hekima ya kamati.

Jumatatu hiyo mchana nilikaa mezani kwangu. Mlango wazi, ninaona shamba. Vitunguu vilikuwa vimelala. Nilikuwa nimehesabu kichwani mara kumi: siku thelathini na nne bila maji. Thelathini na nne! Wamae, wa tawi letu hili hili, alikuwa amepata mara mbili hapo katikati. Kesho ni mimi, nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikapanga tawi letu la mwisho.

Njoki, 38.
Kasyoka, 34.

Nilitazama. Nikaipanga tena, labda imekosea. Njoki, 38. Nikafungua nakala zangu za daftari la Munene, nikafuata kwa kidole. Ijumaa ile, koki ya Njoki. Halafu hakuna. Siku thelathini na nane, na yule mama hakuwahi kusema neno. Alikuwa anatumiminia chai.

Sikuwa nimemfikiria. Haki ya Mungu, sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Katika hasira zangu zote za kuonewa nilijiona niko peke yangu kwenye ule mwisho wa bomba. Nikainuka, nikasimama mlangoni. Nikaona kabeji zake ng'ambo ya ua, zimekunja majani kama mikono ya mtu anayesikia baridi. Nikaona na vyangu. Yeye kesho, mimi wiki ijayo. Wiki ijayo ningekuwa nang'oa nyasi.

Nilikaa tena. Sheria ilikuwa mstari mmoja tu, nimeiandika mimi, na Shirleen aliisifu. Chini yake kulikuwa na nafasi. Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kuandika kitu bila kumpigia simu yule msichana. Nikaandika. Kama jina ni Kasyoka, ongeza siku kumi. Nukta mbili nilikumbuka, herufi nilizipatia zote. Ilikubali mara ya kwanza.

Kasyoka, 44.
Njoki, 38.

Nikamtumia Munene, nikatuma na kwenye kundi la simu la mradi. Watu wakajibu kwa vidole gumba. Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza, na nani angejua kuisoma? Kitabu cha Moffat angalau hata Beth aliweza kuona mahali palipofutwa.

Jumanne asubuhi Munene akafungua koki. Bomba likakohoa, likatema kutu, halafu maji yakaja. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilisimama matopeni na gambuti za marehemu mume wangu nikicheka peke yangu kama kichaa, na ile harufu ya udongo ikiamka.

Saa tano hivi Shosho Njoki akaja uani. Alikuwa amefunga kitambaa cha kazi na ameshika jembe. Nikatazama nyuma yake, nikaona shamba lake lote limechimbwa mitaro mipya, imenyooka, kutoka kwenye koki mpaka mwisho. Alikuwa ameitayarisha Jumatatu jioni, kwa mikono yake.

"Nilikuwa nimehesabu na Jumapili za kanisa," akasema, "nikaona ni kama ni mimi leo. Kumbe nimekosa. Uzee."

Nikainama nikaokota jani lililoziba mfereji wangu.

"Kompyuta imesema ni wewe?"

"Imesema ni mimi, shosho."

"Basi ni sawa." Akaegemea jembe. "Wajua, mimi nilikuwa nikiumia sana. Nilifikiri Moffat ananiruka kwa sababu sina kijana wa kunisemea. Nalala nikifikiria hiyo tu. Sasa hiyo kompyuta haijui mimi ni nani, na imeniambia ningoje. Hata kungoja si kubaya, kama hakuna mtu anakudharau. Umetusaidia, mama. Mungu akubariki."

Nilitaka kumwambia. Kwa aibu nilibaki nimesimama pale, maji yakipita katikati ya miguu yangu. Yeye akatazama mistari yangu, akaona mahali maji yanapotea upande wa njia.

"Yanamwagika, angalia," akasema. Akakunja sketi, akavuka ua, akaingia kwenye vitunguu vyangu na jembe lake, akaanza kunielekezea maji.